Chachu katika Matangi ya Kahawa



Msimu wa kahawa unapofunguliwa katika wilaya za Mbozi na Ileje, kila chama cha msingi hupanga vitabu vyake mezani: kitabu cha mizani, stakabadhi za wakulima, daftari la fedha, leja ya magunia. Ndivyo vitabu anavyovisoma mkaguzi, na ndivyo wanachama wanavyoviulizia siku ya mkutano mkuu. Hata hivyo iko kazi moja kubwa ya chama ambayo mara nyingi haina kitabu chochote, nayo ni ile inayofanyika ndani ya tangi usiku, baada ya mashine ya kumenya kunyamaza na watu kwenda kulala. Kahawa huachwa ivundike. Kesho yake huoshwa, ikaanikwa, wala hakuna aliyeandika iliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Bei ikija kuwa ndogo mnadani, lawama huelekezwa kwa mnunuzi, kwa mvua, au kwa Katibu.

Mazungumzo haya yanawahusu wafanyakazi hao wa usiku, ambao hawamo katika orodha ya mishahara.

Tunda la kahawa likishamenywa, punje hubaki zimevikwa utelezi mzito ambao maji matupu hayauondoi. Utelezi huo umefanyika kwa maji, sukari, na kitu kiitwacho pektini, ambacho huushikiza kwenye ngozi ya punje kama gundi. Pektini ndiyo hiyo hiyo inayoifanya jemu ya matunda igande. Punje zikianikwa na utelezi wake bila uangalizi wa pekee, hushikamana, zikaota ukungu. Hapo ndipo zinapoingia hamira, na pamoja nazo bakteria wa namna nyingi. Hazikununuliwa na mtu. Zimekuja juu ya ganda la tunda lenyewe, nyingine zilikuwa zimejificha katika nyufa za saruji, nyingine zimeletwa na maji na inzi.

Hamira hula sukari. Penye hewa ya kutosha huiunguza sukari hata ikabaki maji na hewa ya ukaa, na kwa nguvu zinazoipata huzaana haraka. Hewa ikikosekana, kama ndani ya lundo zito la kahawa iliyojaa tangini, hubadili mwendo: huivunja sukari nusu njia tu, zikaacha pombe na hewa ya ukaa, na kuambulia sehemu ndogo ya nguvu iliyomo. Kwa sababu hiyo hulazimika kula sukari nyingi zaidi ili ziweze kuishi. Akina mama wanaopika pombe ya ulezi huko Mbozi na Tunduma wanazijua dalili zake pasipo kusomea: mtungi uliowekwa karibu na moto huchachuka upesi, uliowekwa penye baridi hulala, na pombe iliyopitiliza siku zake hugeuka siki.

Elimu ya jambo hili ilianzia katika malalamiko yanayofanana sana na yale yanayosikika katika vyama. Mwaka 1856, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, mwenye kiwanda cha spiriti ya viazi-sukari, Bwana Bigo, alimwendea mwanakemia Louis Pasteur akieleza kwamba baadhi ya mapipa yake yanaharibika na kuwa makali, hali mengine yaliyojazwa kwa namna ile ile yanakwenda vema. Pasteur alichukua matone kutoka mapipa hayo akayatazama kwa hadubini. Katika yale mazuri aliona viduara vya hamira. Katika yale mabaya aliona vijiti vidogo vidogo, yaani viumbe wa jamii nyingine, vilivyokuwa vimeingilia karamu. Kosa, basi, halikuwa la viazi wala la mpishi. Baadaye, mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner alizisaga hamira na kuzikamua, na ule umajimaji, ambao haukuwa na hamira hai ndani yake, ukaendelea kuchachusha sukari. Ikabainika kwamba kazi yenyewe hufanywa na vimeng'enya, ambavyo ni kama zana ndani ya mfuko wa fundi. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Viwanda vya bia, vya hamira za mkate na vya dawa vimejengwa juu ya maarifa hayo: huchagua hamira ya aina moja, huua kila kiumbe kingine, na kupima joto na hewa saa kwa saa.

Tangi la chama halina anasa hiyo. Limepokea kila kilichokuja na tunda. Kwa hiyo lilikuwa jambo la maana kujua ni nani hasa wanaoishi humo, na jibu lilipatikana kutokana na kahawa ya nchi hii. Mwaka 2004 Wilfred Masoud na wenzake, wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Mifugo na Kilimo cha Denmark, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa kahawa ya arabika iliyochukuliwa katika vituo viwili vya Tanzania. Katika gramu moja ya kahawa walihesabu hamira kuanzia 40,000 hadi milioni 50, idadi ikipanda kadiri uvundikaji ulivyoendelea. Aina tatu zilitawala. Mbili kati yake ni Hanseniaspora uvarum na Pichia kluyveri. Ya tatu, Pichia anomala, ilionekana kwa wingi wakati wa kuanika. Mwaka 2006 Masoud na Lene Jespersen walionyesha kwamba hizo Pichia mbili zina kimeng'enya cha kukata pektini. Si hamira peke yake zinazofanya kazi hiyo, kwani bakteria na vimeng'enya vya tunda lenyewe vina sehemu yake. Lakini haziwezi kuitwa wageni tena.

Yatokanayo na hayo yanahusu fedha za mwanachama moja kwa moja. Kwanza ni saa. Mavuno ya Mbozi huangukia miezi ya baridi, na baridi huzichelewesha hamira. Kahawa inayokamilika kwa saa 24 mwezi Septemba yaweza kuhitaji saa 36 au zaidi usiku wa Julai. Anayefungua tangi kwa saa ya ukutani tu, huosha kahawa ambayo bado ina utelezi, au iliyokwisha kupitiliza. Kipimo cha kweli kimo mkononi: kuchota kahawa ya katikati na ya chini ya tangi, kuisuuza, na kuisugua kiganjani. Punje zikikwaruza kama changarawe, kazi imekwisha na maji yafunguliwe hapo hapo, hata kama ni saa kumi ya alfajiri. Wengine huchoma fimbo katikati ya lundo. Shimo likibaki wazi fimbo inapochomolewa, utelezi umeachia.

Hatari ya kupitiliza ni kubwa kuliko ya kuwahi. Kahawa iliyowahi yaweza kurudishwa tangini; iliyopitiliza hairudi. Pombe iliyoachwa na hamira huchukuliwa na bakteria wengine, ambao huigeuza asidi ya siki, na uvundikaji ukiendelea hutokea asidi nyingine zenye harufu ya kitunguu na ya uozo. Harufu hizo huingia ndani ya punje. Waonjaji wa kahawa wanajua kwamba punje moja iliyooza yatosha kuharibu ladha ya birika zima.

Punje hiyo moja hutoka wapi? Mara nyingi ni ya jana. Imebaki katika kona ya tangi au chini ya mashine, ikavundika mara ya pili pamoja na kahawa mpya. Hali kadhalika kumwaga kahawa ya leo juu ya ile ya jana, kwa sababu tangi halijajaa, ni kuchanganya kundi lililokaribia kumaliza na kundi linaloanza. Saa ya kuyafungua yote mawili haipo. Matunda mabichi nayo yana utelezi haba na hayaendi sawa na mabivu. Kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, hivyo tangi lililopokea kilo 3,000 kutoka kwa wanachama 40 limebeba kilo 500 hadi 600 za kuuza. Likichacha, hasara humwangukia hata yule aliyechuma nyekundu tupu. Mgawo wa malipo ya pili haumtambui.

Kuna pia habari ya ukungu. Utafiti mwingine wa Masoud wa mwaka 2006, alioufanya pamoja na Kaltoft, ulionyesha katika maabara kwamba hamira hizo tatu huzuia ukungu uitwao Aspergillus ochraceus, utoao sumu ya okratoksini. Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo cha sumu hiyo katika kahawa iliyokaangwa kuwa mikrogramu 5 kwa kilo mwaka 2005, na mwaka 2023 ikakishusha hadi 3. Yasidhaniwe kwamba hamira zitaikinga kahawa iliyolundikwa ikiwa mbichi; kichanja safi na jua bado ndiyo kinga ya kwanza.

Huulizwa kama yafaa kununua paketi za hamira katika maduka ya Tunduma na kuzitia tangini. Hamira ya mkate ilichaguliwa kwa kuumua unga, si kwa kukata pektini. Zipo hamira zilizochaguliwa kwa ajili ya kahawa, na watafiti wa Lavras nchini Brazil, akiwemo Rosane Schwan, wamezifanyia kazi kwa miaka mingi. Lakini chama ambacho bado hakina mtu wa kusugua kona za tangi kila siku hakina haja ya kununua kiumbe cha ziada. Kwa ushauri wa kitaalamu, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kiko Mbimba, humo humo wilayani Mbozi.

Kinachohitajika mara moja ni daftari la mistari la kawaida: namba ya tangi, tarehe, kilo zilizoingia, saa ya kumaliza kumenya, hali ya hewa ya usiku, saa ya kila jaribio la kiganja, saa ya kuosha, kichanja kilichopokea, na sahihi ya aliyekuwa zamu. Namba hiyo ya tangi ifuatane na kahawa hadi kwenye gunia, ili ripoti ya waonjaji inaporudi Katibu aweze kufunua ukurasa na kuonyesha ni usiku upi.