Roboti Isisubiri Wiki ya Mwisho

Katika mashindano ya roboti ya wanafunzi, FIRST Tech Challenge, yaliyoanzia Marekani, mchezo wa msimu hutangazwa Septemba. Msikimbilie bisibisi siku hiyohiyo. Someni kanuni kwanza, tena zote. Roboti inapoanza mchezo lazima ienee ndani ya mchemraba wa takriban sentimita 45.7 kila upande; ikizidi hapo, haipiti ukaguzi, hata iwe nzuri namna gani.

Chagueni kazi moja ambayo roboti itaifanya kwa uhakika. Tengenezeni mfano wa maboksi, mpime, mkate, mpime tena, ndipo mguse alumini. Magurudumu yakamilike mapema, maana wanaoandika programu hawana cha kujaribia mpaka roboti itembee. Hapa ndipo misimu huharibika: mafundi wanaing'ang'ania roboti hadi usiku wa mwisho, na zile sekunde 30 za mwanzo wa mchezo, ambapo roboti hujiendesha yenyewe, hazijajaribiwa hata mara moja. Mafundi, tafadhalini, iachieni wiki mbili kabla ya mashindano. Dereva naye anahitaji kuizoea. Kabla ya safari ya kwenda mashindanoni, chajini betri, kisha mvute kila waya kwa vidole, polepole, muone ipi imelegea.