Taa ya Njano Mbele ya Dereva



Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kitu kisichotajwa mara nyingi katika kipindi hiki, nacho ni gari kuukuu. Wako watakaoshangaa. Lakini katika vigango vyetu vingi gari moja la namna hiyo ndilo linalompeleka mjamzito hospitalini usiku, ndilo linalobeba magunia ya mahindi, na siku ya msiba ndilo linalobeba jeneza. Likisimama, si mwenye gari peke yake anayepata hasara.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua kwa kiinua mgongo chake Toyota Corolla iliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1990. Haikupita miezi mingi, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi isizimike. Asubuhi za baridi gari lilikuwa gumu kuwaka. Injini ikishapata moto, lilikwenda vizuri kama jipya. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, nayo ikanunuliwa. Taa iliendelea kuwaka, na akiba ya mama yule ikaendelea kupungua.

Ndugu zangu, taa ile haiwashwi na ubovu wa injini moja kwa moja. Huwashwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya gari, ambayo hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali: joto la maji, wingi wa hewa inayoingia, hali ya moshi unaotoka. Habari isipofika, au ikifika isiyowezekana, kompyuta huwasha taa na kuandika namba katika kumbukumbu yake. Basi kazi ya kwanza ya fundi ni kuisoma namba hiyo kabla hajashika spana.

Katika Corolla nyingi za miaka ile huhitaji mashine yoyote. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye mfuniko, kimeandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya mfuniko imechorwa ramani ya vituo vyake. Injini ikiwa imezimwa, unganisha kituo cha TE1 na kile cha E1 kwa kipande kifupi cha waya. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, uitazame taa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo ulio sawa, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Namba zikiwa zaidi ya moja huanza ndogo, kisha kubwa, halafu hurudia tangu mwanzo. Kwa hiyo kaa na karatasi na kalamu, usitegemee kichwa. Wala usikanyage mafuta wala kuacha kiyoyozi kikiwa kimewashwa wakati wa kusoma, maana utapata namba 51, uanze kutafuta ugonjwa usiokuwapo!

Fundi wa tatu aliijua njia hiyo. Akasoma 22, akafahamu kuwa yahusu sensa ya joto la maji, akanunua sensa mpya na kuifunga. Siku iliyofuata taa ikawaka tena, na namba ni ile ile.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata walio na ujuzi. Namba 22 haisemi kwamba sensa imekufa. Yasema tu kwamba habari ya joto la maji haiifikii kompyuta. Kati ya sensa na kompyuta kuna waya, na kuna soketi zinazoshika kutu. Kijana mmoja mwenye mita ya kupimia umeme ndiye aliyelimaliza jambo hili. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hivi, sensa nzima ya gari hilo husoma kati ya ohm 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80, hushuka hadi kati ya ohm 200 na 400. Aliipima sensa penyewe, akaiona nzima. Alipopima upande wa kompyuta, mita haikusoma kitu. Akaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya injini, akakuta panya wameutafuna.

Na ugumu wa kuwaka asubuhi? Kompyuta ikikosa habari ya joto, hujichukulia kwamba maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo injini baridi hupewa mafuta machache, kana kwamba imekwisha kupata moto. Plagi na pampu hazikuwa na hatia yoyote.

Magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996 yana soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, na namba zake huanza na herufi, kama P0118. Siku hizi vipo visomeo vidogo vya bei nafuu. Lakini kisomeo nacho hutaja mahali pa kuanzia kutafuta, basi. Katika magari hayo taa ya injini ikipepesa wakati wa safari, punguza mwendo, usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia katika bomba la moshi na kuunguza chombo cha kuusafisha. Na taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa: hiyo ikiwaka, zima injini papo hapo.

Liko neno moja zaidi, nalo lanihuzunisha. Wapo wanaouza gari bovu baada ya kuing'oa balbu ya taa hiyo, au kuiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja. Kumficha mnunuzi kasoro namna hiyo ni wizi, na amri ya saba yaukataza, hata kama hakuna kufuli lililovunjwa. Mnunuzi, usikubali kuonyeshwa gari ambalo tayari linanguruma. Omba lizimwe, kisha ufungue swichi mwenyewe: taa ya injini lazima iwake, na izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa, uliza balbu iko wapi.

Yule mama alirudishiwa sensa yake ya zamani. Ilipopimwa ilikuwa nzima, naye ameihifadhi ndani ya gari kama spea. Waya ulitengenezwa, fyuzi ya EFI ikatolewa kwa dakika moja ili namba ifutike, na fundi wa tatu, kwa hiari yake, akaanza kumrejeshea fedha ya sensa mpya kidogo kidogo.