Mwalimu wa Mazoezi na Darasa Lake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kileleshwa, Nairobi)



Sisi watu wa reli tumeombwa tuseme machache juu ya vijana wa vyuo wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za watoto wetu. Labda mtu atauliza, jambo hili lahusu nini chama? Latuhusu sana. Kijana huyo ni mfanya kazi anayejifunza kazi, kama mwanagenzi katika karakana. Hufundisha muhula mmoja bila mshahara, na wakaguzi wa chuo huja kukaa nyuma ya darasa wampe alama. Darasa likimshinda, yeye hupata hasara, na watoto wetu hupoteza muhula.

Mtaa huu wa Kileleshwa zamani ulikuwa wa Wazungu. Kenya High School ilihamia hapa mwaka 1950, ikiwa shule ya wasichana wa Kizungu tu. Leo mtoto wa bawabu na mtoto wa karani wanaweza kukaa dawati moja. Tena tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, madarasa mengi ya shule za serikali yalijaa. Kijana wa miaka ishirini na kitu hupewa darasa kama hilo, naye mgeni.

Basi wazazi wengi humwambia, "Mwalimu, chapa tu, hata sisi tulichapwa." Ndugu zangu, maneno hayo yanamtia kijana shimoni. Kanuni zilizoruhusu kiboko zilifutwa mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, yakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au rohoni. Mwenye kuivunja aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Siku hiyo sisi tuliomchochea hatutasimama naye kizimbani. Walimu walioajiriwa wanacho chama chao cha KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957. Huyu hajaajiriwa bado.

Darasa hutulizwa kwa nini, basi? Mwamerika mmoja, Jacob Kounin, alichunguza madarasa na kuandika kitabu mwaka 1970. Aliona kwamba ukali wa kukemea baada ya kosa hausaidii sana. Walimu waliofaulu walizuia fujo mapema: macho yao yalikuwa kila pembe, na kazi ilifuata kazi bila pengo. Watu wa reli twalijua hilo. Mtu wa ishara hangoji treni zigongane ndipo ainue bendera.

Kwa hiyo kijana na afanye hivi. Aingie darasani kabla ya watoto, andalio la somo likiwa tayari. Ajue majina yao katika juma la kwanza, kwani mtoto anayeitwa "wewe wa nyuma" hujificha nyuma. Aweke kanuni chache, nne au tano, na azishike kila siku. Achague viranja wa kugawa vitabu, maana fujo nyingi huzaliwa wakati wa kugawa vitabu. Atembee kati ya madawati. Akisikia soga, asimame karibu na mwenye soga huku akiendelea kufundisha. Wepesi wa kumaliza awe na kazi nyingine ya kuwapa. Mkorofi amwite kando baada ya somo, wala asimwaibishe mbele ya wenzake.

Nasi wazazi tuna zamu yetu. Kwanza, mtoto afike shuleni mapema, na kalamu yake na daftari lake. Pili, tusimdharau kijana huyo nyumbani kwa kumwita "mwalimu wa majaribio" mtoto akisikia, kwa maana kesho neno hilo litakuwa darasani. Tatu, mtoto akileta mashitaka, twende shuleni tuulize kwa upole, kabla ya kupiga kelele langoni.

Kila fundi aliye hodari leo aliwahi kuvumiliwa na mtu alipokuwa mwanagenzi. Tumvumilie na huyu, ajifunze kazi yake vema, kwani watoto anaojifunzia ni wetu.