Mtoto na Jiwe la Sabuni

Leo tunazungumza na wazazi na walezi wa Kisii na Nyamira.

Mtoto akichora kwa makaa au akifinyanga ng'ombe wa udongo, usimkemee. Vidole vyake vinapata nguvu ya kushika kalamu, naye anajifunza kueleza yaliyo moyoni. Muulize, "Hiki ni nini?" kisha msikilize. Elkana Ong'esa ni mchongaji wa Tabaka, na ndege aliyemchonga yuko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Lakini jiwe letu la sabuni lina vumbi laini. Likivutwa kwa miaka mingi huumiza mapafu, na mapafu ya mtoto bado yanakua. Kwa hivyo, asikae karibu na anayekata jiwe kavu au kulipiga msasa. Akitaka kujaribu, jiwe lilowekwe kwanza, alisugue ndani ya beseni la maji, nje ya nyumba. Tope lizolewe kabla halijakauka. Kitambaa puani hakitoshi.

Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, mlete kituo cha afya.