Mali Bila Daftari
Maneno ya wauguzi katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba



Mmetuita wauguzi, na pengine mlitarajia tuzungumzie presha na kisukari. Leo tunazungumzia kontena.

Wengi mnalijua, maana mlilichangia. Hospitali moja ya huku Uingereza ilipokuwa ikibadilisha samani, tuliomba vitanda vya wodi, viti vya magurudumu, magongo na mashine za kupima presha. Nyumbani kulikuwa na kituo cha afya ambako kina mama wawili walilala kitanda kimoja baada ya kujifungua. Tulipakia Jumamosi mbili, watoto wakibeba maboksi madogo. Lori lilipoondoka tukadhani kazi ngumu imekwisha.

Kumbe ilikuwa haijaanza. Mzigo ulipofika, ofisi moja ilitaka kibali, ya pili barua, ya tatu barua ileile lakini yenye muhuri wa ile ya kwanza. Kila siku kontena lilipokaa, tozo ya kuhifadhi iliongezeka. Fedha mlizochanga kwa ajili ya usafiri wa kwenda mkoani ziliishia bandarini. Tukarudi kwenu kuomba tena, na baadhi yenu mlituuliza kwa uchungu za mwanzo zimekwenda wapi. Mlikuwa na haki ya kuuliza, na leo tunajibu.

Nusu ya kosa ilikuwa yetu. Kwenye orodha ya mizigo tuliandika "vitu mbalimbali vya msaada". Sisi tuliosomea shahada ya uuguzi huku, hakuna hata mmoja wetu angethubutu kuandika kwenye faili la mgonjwa "anaumwa mambo mbalimbali". Thamani tuliandika sifuri, tukidhani cha bure hakina bei. Kibali tulianza kukiomba meli ikiwa tayari baharini. Karatasi kama hiyo humfanya ofisa wa forodha afungue kila boksi, na hatuwezi kumlaumu.

Nusu ya pili ni ya utaratibu wenyewe. Vifaa vya tiba vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa nyingine nyingi hupita kwa Shirika la Viwango. Mashine ya eksirei inaihusu Tume ya Nguvu za Atomiki, na kodi ni ya Mamlaka ya Mapato. Kila chombo kina sababu ya kuwepo. Hata sisi hatutaki mashine mbovu ifike wodini. Shida huja pale mtu yuleyule anapotakiwa kuandika habari zilezile upya kila mlango.

Hospitalini ugonjwa huo tunaujua. Mgonjwa anataja dawa anazotumia mapokezi, kisha kwa muuguzi, kisha kwa daktari, na kila mmoja anaandika lake. Tiba yake ni faili moja linalosomwa na wote. Katika forodha, faili hilo huitwa dirisha moja: mwagizaji hujaza taarifa mara moja, na kila mamlaka husoma na kujibu humohumo. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unazitaka nchi zijitahidi kuwa na dirisha hilo, zitangaze wazi taratibu na tozo zake, na zipokee nyaraka kabla mzigo haujafika. Tanzania inao mfumo wake wa Dirisha Moja la Kielektroniki, na wenzetu wa Kenya wanao wao.

Tiba ya pili ni kupanga kwa rangi. Katika idara ya dharura, mwenye nyekundu huonwa kwanza na mwenye kijani husubiri. Forodha nao hupima hatari: mzigo wa kijani hupita, wa nyekundu hufunguliwa na kukaguliwa. Hatumlazi kila mwenye mafua chumba cha mahututi. Vivyo hivyo, kufungua kila kontena humchelewesha mkweli na kumpa mdanganyifu foleni ndefu ya kujifichia.

Mtauliza, haya yanahusu nini na Uhuru? Mwaka 1961 wazee wetu walipata haki ya kuweka taratibu zao wenyewe, na wito wao ulikuwa Uhuru na Kazi. Sasa mfikirieni dada yetu fundi cherehani anayeagiza mashine mbili kutoka nje. Kampuni kubwa ina watu wa kushinda ofisini wakifuatilia mihuri. Yeye akifuatilia muhuri, duka limefungwa. Utaratibu mgumu hauzuii mkubwa, unamzuia mdogo. Kuurahisisha ni kumpa naye sehemu yake ya Uhuru.

Vitanda vilifika mwishowe, kwa kuchelewa, na kina mama sasa wanalala kila mmoja na mwanawe. Kwa hiyo tunaandaa kontena la pili, na safari hii tumekubaliana mambo matatu. Wakala wa forodha atafutwe na kibali kiombwe kabla hatujafunga boksi hata moja. Kila kifaa kiandikwe jina lake, idadi, hali yake na thamani ya kweli. Kisichofanya kazi kisipande lori, maana nyumbani si jalala.

Hapo ndipo tunawahitaji ninyi watoto. Mara ya kwanza mlibeba maboksi. Mara hii tunawapa kalamu na daftari: kila boksi namba yake, kila namba vitu vyake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliipoteza mara moja, mkituona. Njooni mtusaidie tusiipoteze tena.

Uhuru na Kazi.