Mafundisho ya Biblia kwa Watoto Wadogo



Wazee kadhaa wameuliza kwa nini watoto wa darasa la Jumapili hufinyanga udongo na kuokota mawe, badala ya kuketi kimya na kusikiliza. Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa Maandiko yenyewe.

Katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 4, twasoma kwamba Waisraeli walipovuka Yordani walitwaa mawe 12 katikati ya mto, wakayasimamisha huko Gilgali, ili watoto wakiyaona wawaulize baba zao maana yake. Jiwe lilitangulia, swali likafuata, na hadithi ikawa jibu.

Nasi twafuata njia iyo hiyo. Mtoto wa miaka mitano hafahamu dhiraa 300, urefu wa safina ya Nuhu. Lakini tukizipima kwa kamba, kila dhiraa tangu kiwiko cha mtu mzima hata ncha ya kidole cha kati, huona kwa macho yake kwamba safina ilizidi uwanja wa mpira kwa urefu.

Vifaa hivi havitugharimu fedha. Tulichopungukiwa ni watu wazima. Yoshua hakusema watoto wamwulize mwalimu. Alisema wawaulize baba zao. Basi twawaomba, wazee wetu, kila mmoja aje walau Jumapili moja katika muhula, aketi kati ya watoto na kuulizwa. Mtoto asiyejibiwa huacha kuuliza.