Nimepasuliwa kongosho, mbona sipewi dawa?

 

Leo tunajibu swali moja. Mtu ameondolewa uvimbe kwenye kongosho, yaani pankreasi, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ni ule uvimbe unaoanzia kwenye chembe zinazotengeneza homoni. Kidonda kimepona. Daktari anamwambia: "Nenda nyumbani, urudi baada ya miezi 6." Hapewi kidonge wala sindano. Jirani yake aliyepasuliwa saratani ya titi anameza tamoxifeni kila siku kwa miaka 5. Basi anasema moyoni: wameninyima kwa sababu mimi ni mkimbizi.

Ndugu yangu, sivyo. Hata Marekani na Ulaya, uvimbe huu ukiwa wa aina inayokua polepole, na ukiwa umetolewa wote, kwa kawaida mgonjwa hapewi dawa ya kuuzuia usirudi. Tamoxifeni ilijaribiwa kwa maelfu ya wanawake, ikaonekana inasaidia saratani ya titi inayolishwa na homoni. Kwa uvimbe wa kongosho, ushahidi wa namna hiyo bado haujapatikana. Watafiti wa Marekani wamejaribu kapesitabini pamoja na temozolomidi kwa waliopasuliwa ambao uvimbe wao una hatari kubwa ya kurudi. Lakini dawa hizo zinaweza kupunguza chembe za damu na kuharisha. Haifai kumpa mtu taabu hiyo bila kujua faida yake.

Uvimbe ukiwa wa aina kali, ukibaki mwilini, au ukifika kwenye ini, hapo mambo hubadilika. Dawa zipo, kama sindano za oktreotidi na lanreotidi, ambazo huchelewesha uvimbe kukua.

Basi kinga yako ni kurudi kupimwa. Uvimbe huu unaweza kurudi baada ya miaka mingi, tena bila maumivu. Kwa kawaida mtu hufuatiliwa kila miezi 6 hadi 12, kwa miaka 10 hivi.

Kabla ya kutoka hospitali, uliza mambo matatu: Umetolewa wote? Ni wa aina gani? Nirudi lini? Omba ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya kile kipande kilichotolewa. Zifunge kwenye plastiki zisilowe. Ukipewa transferi, ukihamishwa kambi, ukirudi Kongo au ukienda nchi nyingine, ziende nawe. Daktari mpya hawezi kukufuatilia vizuri bila hizo.

Usingoje tarehe ukiona macho ya njano, ukikonda, ukitetemeka na kutoka jasho unapokuwa na njaa, au ukipata kiu kali na kukojoa sana. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mtu akikuuzia sokoni dawa ya "kuzuia isirudi", mama, baba, weka pesa yako mfukoni. Itakufaa kwa nauli ya siku ya kupimwa.